Alama Mbili Kwenye Transfoma

Vanishi ya kupakia vyombo vya umeme ikipata joto hutoa harufu yake yenyewe, kati ya karanga zilizoungua na rangi ya kucha. Doha hii ina maduka ya manukato kila kona, lakini hakuna hata moja litakalokuuzia harufu hiyo. Mimi niliinusa wiki iliyopita katika chumba cha baba yangu huko Al Mansoura, nilipokwenda kumsaidia kufunga mizigo. Mkataba wake umeisha na anarudi Kenya moja kwa moja. Alikuwa ameinama kwenye kabati la chini, lile lililopakana na ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa, akivuta kisanduku cha bati. Kabla sijakiona nilishajua ni nini. Nilikaa juu ya sanduku la nguo.

Nyinyi wenzangu mliolelewa huku, katika vyumba vilivyogawanywa kwa mbao za jipsamu, mnajua hakuna siri katika nyumba za aina hiyo. Jirani akipiga chafya, unamwambia pole bila kuinuka kitini. Sisi tulikuwa watatu: Baba, Mama na mimi. Baba alikuwa fundi wa kampuni moja ya kutunza majengo, kazi yake kupanda juu ya mapaa na kuhudumia ile mitambo mikubwa ya kupoza hewa. Mama alikuwa nesi. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye vitambulisho vyao, lakini ukiniuliza mimi wakati ule, ningekwambia kwamba kazi ya Mama ilikuwa kuimba.

Kila Ijumaa tulikwenda kwenye ushirika wa Wakenya, nyumbani kwa nesi mmoja mkubwa tuliyemwita Anti Rispa, kule Al Thumama. Nyumba ile iko karibu na uwanja wa ndege, na ndege zikipita juu mhubiri hulazimika kusimama, anakunywa maji, anangoja. Mama hakungoja ndege. Ikija, yeye alipanda nayo, na ikishapita alikuwa bado yuko juu palepale, akitabasamu kama aliyeshinda mbio. Watu walicheka na kupiga makofi. Mimi nilijivuna vibaya sana, nikiwatazama watoto wengine nione kama wameona ni mama ya nani.

Kisha hospitalini wakampasua shingo. Daktari alisema nini sikuambiwa, maana nilikuwa mtoto na watoto huambiwa mambo nusunusu. Nilichoambiwa ni kwamba Mama ataongea polepole kwa muda. Alirudi na bandeji nyeupe kooni, na sauti iliyotoka pale ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, ikikatika katikati ya maneno. Akiniita kutoka jikoni nilikuwa sisikii. Alianza kupiga sufuria kwa kijiko, mara mbili, na mimi nikaja.

Wiki hiyohiyo Baba alileta nyumbani kipande cha chuma cha mraba, kizito, chenye nyaya zilizokatwa zikining'inia pembeni. Alikiweka sakafuni, akaunganisha waya mbili kwenye soketi, na chumba kizima kikaanza kunguruma. Vijiko vililia kwenye glasi.

"Baba Nekesa, hiyo nayo ni nini sasa?" Mama aliuliza kutoka kitandani. Ilibidi aulize mara mbili.

"Ni transfoma. Kuna hoteli wanabadilisha vyombo vya ukumbi, wamezitupa. Lakini hii bado ni nzima kabisa."

"Na vile inanguruma?"

"Itanyamaza. Mafi mushkila, hakuna shida. Nataka nikuundie amplifaya."

Mpango wake ulikuwa huu. Ushirika ulikuwa na spika zake, lakini zilitengenezwa kwa watu wenye sauti. Sauti ya Mama ilitaka chombo kinachoweza kuchukua kitu kidogo sana na kukikuza mara nyingi. Baba alipata sehemu zote kwenye vitu vilivyotupwa, akazipanga ndani ya kisanduku cha bati, na ile transfoma ikawa ndiyo ya kulisha umeme. Tatizo likaonekana siku ya kwanza ya kujaribu. Kidude cha kuongeza sauti kikizungushwa kidogo, Mama hasikiki. Kikizungushwa hadi mwisho, Mama anasikika, lakini ule mngurumo nao umekua pamoja naye na kumzidi. Alisema neno moja kwenye maiki, nadhani ni jina langu, na likapotelea humo ndani.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa akili zangu zote. Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa na sauti, na nyumba ilikuwa na utulivu. Kisha kikaja kile chuma, na wiki hiyohiyo Mama hana sauti, halafu chuma kina sauti kubwa ajabu. Nilipiga hesabu hiyo peke yangu na sikumwonyesha mtu. Niliamini kwamba sauti ya Mama iko mle ndani, kwamba kile chuma kinaishikilia, na kwamba siku kitakapofungwa mdomo, atarudishiwa yote, na ndege za Al Thumama zitamjua tena. Bandeji niliiona, lakini sikuitilia maanani. Bandeji ni kitu ambacho watu huvaa wakiumia, halafu wanapona.

Kwa hiyo Baba aliponiomba nimsaidie, nilikuja mbio. Masikio yake yalikuwa yameharibiwa na mitambo ya juu ya mapaa. Mngurumo wa chini namna ile hakuweza kuusikia tena, na hata kama angeusikia, asingejua kama unatoka kwenye chuma au umebaki kichwani mwake kutoka kazini. Alinivalisha hedifoni kubwa zilizofungwa kwa utepe, akaziunganisha na amplifaya, akanikalisha sakafuni.

"Wewe ndiwe masikio, injinia. Mimi ni mikono tu. Kelele ziko mbili. Weka kiganja hapa. Unaskia vile inatetemeka? Hayo ni mabati yake ya ndani, yanagongana. Hiyo tutamaliza. Lakini kuna ingine huwezi shika na mkono. Ni sumaku inatoka nje, inaingia kwa waya za maiki. Hiyo ndiyo adui."

"Kwa nini inanguruma sana hivi?"

"Imeundiwa umeme mdogo kuliko wa hapa. Hapa tunailisha kupita kiasi, ndio inalalamika."

Tulianza na ile ya kushika kwa mkono. Baba alirudi kutoka kazini kila siku saa kumi, akaoga, akala amesimama, kisha tukaketi chini. Alikaza boliti za yale mabati hadi uso ukamwiva. Aliichovya transfoma yote kwenye kopo la vanishi, tukasubiri viputo viishe kupanda, akaining'iniza bafuni siku mbili hadi ikakauka. Jirani yetu wa mkabala, mama mmoja Mganda mwenye mapacha tuliyemwita Nalongo, alikuja kuuliza tunapika nini kinachonuka hivyo. Kisha Baba alitazama miguu yangu, akaniomba ndara zangu za waridi. Alizikata vipande vinne vya mviringo na kuviweka chini ya transfoma ili isiguse bati. Nilikwenda bafuni peku hadi mwisho wa mwezi, na sikulalamika hata siku moja.

Ikabaki ile ya pili. Tulisokota nyaya za maiki kwa pamoja, na ikapungua kidogo. Tuliisogeza transfoma hadi pembe ya mbali ya kisanduku, ikapungua tena. Baba alikata bati la kopo la biskuti akalisimamisha katikati kama ukuta. Akazungushia tumbo la transfoma utepe wa shaba, akauchomelea ncha zake pamoja. Kila mara alinitazama usoni kabla sijasema kitu, na kila mara nilimwambia ukweli: bado ipo.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuizungusha. Aliikalisha transfoma juu ya kipande cha chuma chenye boliti moja katikati, ili igeuke bila kusogea, akaanza kuigeuza polepole kwa vidole viwili. Alisema ile sumaku haitoki sawa kila upande, na lazima pawepo pembe moja ambapo nyaya za maiki haziioni. Kuipata ilikuwa kazi ya masikio.

"Sasa?"

"Imezidi."

"Na hapa?"

"Imepungua. Endelea. Umepita, Baba, rudi. Rudi kidogo tu. Hapo."

Siku kumi na kitu tulifanya hivyo, maana ukikaza boliti pembe inahama kidogo na unaanza upya. Masikio yaliniuma ndani ya zile hedifoni. Mama alilala kitandani hatua tatu kutoka kwetu, akitutazama, na mara nyingine alitucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Ninaambiwa kwamba watoto hawajui furaha wakiwa nayo. Mimi niliijua.

Alhamisi moja alasiri nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tena. Baba aligeuza upana wa ukucha tu, na ule mngurumo ukashuka, ukashuka, ukaisha. Nilishika mkono wake asiutoe. Akauliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu, Baba, hakuna kitu kabisa. Alichukua kalamu ya wino wa buluu akachora mstari mahali pale, na kando yake akaandika N, herufi ya jina langu. Akakaza boliti. Nikasikiliza tena, na kulikuwa kimya.

Tukaunganisha spika. Mama aliketi kitandani, akapanga kanga yake mabegani kama anayekwenda mbele ya watu, akashika maiki. Mimi nilipiga magoti mbele yake. Kidude cha sauti kilikuwa mwisho kabisa. Akaimba mstari wa kwanza wa pambio alilokuwa akianzia kila Ijumaa.

Tulisikia kila kitu. Tulisikia pumzi ikitafuta njia, mate yakimezwa, mkwaruzo, pengo pale ambapo sauti ilikatika, kisha uzi mwembamba ukirudi na kukatika tena. Hakukuwa na chochote cha kukificha. Mama alisikia pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali ajisikie alivyo, akaacha katikati ya neno na kuishusha maiki mapajani. Baba alijifanya anatafuta spana. Mimi nilikuwa bado nangoja. Nilifikiri pengine inachukua muda kidogo kurudi.

"Baba Nekesa," Mama akasema, na spika ikasema pamoja naye. "Irudishe kidogo."

"Nirudishe nini?"

"Ile kelele yake. Igeuze kidogo. Hivi ni kama niko uchi." Alimeza mate, nasi tukamsikia akimeza. "Ikinguruma kidogo napata pa kushika."

Baba alisita sana. Kisha akalegeza boliti, akaigeuza transfoma kidogo, akamtazama Mama. Mama akatikisa kichwa, bado. Akaigeuza tena. Mngurumo ukaja, mdogo, wa chini, na Mama akafumba macho. Akainua kidole: hapo. Baba akachora mstari wa pili, kwa penseli, bila herufi yoyote.

Siwezi kuwaeleza hasira yangu bila kuona haya. Niliona wote wawili wamenisaliti. Siku zote zile nimekaa chini peku, nimeifunga mdomo ile transfoma, na sasa Mama mwenyewe anaifungua. Nilidhani amekataa kupona. Nilidhani ameamua kukiachia kile chuma sauti yake, basi, na mimi hakuniuliza. Nikavua hedifoni nikazitupa kitandani.

"Mtaimba na kelele yenu. Mimi siji kesho."

"We msichana," Baba akaanza, na Mama akainua mkono kumzuia. Nadhani alitaka kunieleza, na nadhani alipima ni maneno mangapi yamebaki na yatahitajika wapi.

Ijumaa asubuhi tumbo likaniuma. Liliuma kwa ustadi mkubwa, nikajikunja, nikakataa chai. Nauli ya teksi ilikuwa imeshapangwa na watu wanangoja, kwa hiyo waliniacha kwa Nalongo. Mama alisimama mlangoni, amevaa gauni lake la kijani na skafu juu ya bandeji, akanipungia. Mimi niligeukia ukutani. Walipoondoka tu nilikula.

"Ggwe, we mtoto, hili tumbo gani linakula chapati nne?" Nalongo aliniuliza.

"Limepoa."

"Limepoa. Haya. Na moyo nao umepoa?"

Niliwatazama mapacha wake wakigombania rimoti hadi jua likaanza kushuka.

Waliporudi Anti Rispa alikuwa nao. Alikuwa amemshika Mama mkono, na macho yake yalikuwa mekundu. Baba alibeba kile kisanduku kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Anti Rispa aliinama akanishika kidevu.

"Umekosa, mami," aliniambia. "Mama yako ameimba leo. Kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nimemjua miaka hii yote na sijawahi kumskia hivyo."

Nikauliza kama kuna mtu aliyemrekodi. Hata wakati ule mtu hakuweza kula biriani bila kuirekodi, kwa hiyo niliuliza nikiwa na uhakika. Anti Rispa alimtazama Baba, na Baba akatazama viatu vyake. Simu zilikuwa zinakwaruza kwenye spika, Baba alisema. Nyaya zile zilikuwa zinazisikia. Kabla Mama hajaanza, Baba mwenyewe aliwaomba watu wote wazizime na kuziweka kwenye kikapu mlangoni, ili kusiwe na kelele.

Mama aliweka mkono kichwani pangu. Hakusema chochote. Kesho yake hakusema chochote vilevile, wala kesho kutwa, kwa sababu ile Ijumaa ilikuwa imemaliza kilichokuwepo. Akaanza kuandika kwenye daftari la shule lenye mistari. Tulimpeleka nyumbani Kenya wakati wa mvua, na huko niliketi kando ya kitanda chake kila siku nikisoma anachoandika. Nilingoja aandike kuhusu siku ile. Nilitaka anilaumu ili niombe msamaha. Aliandika kwamba soksi zangu ni chafu, kwamba nimpe maji, kwamba nisome. Alifariki bila kuandika neno moja la lawama, na mimi sikuwahi kutamka neno langu. Hilo ndilo ninalolibeba. Mengine niliyasamehe, yangu na ya wengine.

Sasa huyu Baba yuko mbele yangu wiki iliyopita, mvi tupu, amekaa sakafuni na bisibisi, anafungua kifuniko cha kisanduku. Vipande vyangu vya ndara vilikuwa palepale, waridi yake imefifia. Utepe wa shaba umekuwa mweusi. Nilikuwa nimeshaamini miaka yote kwamba baada ya ile Ijumaa aliirudisha kwenye alama yangu, maana Baba si mtu wa kuacha kitu kinanguruma. Lakini mstari wa buluu wenye N ulikuwa peke yake pembeni. Boliti ilikuwa imekazwa kwenye mstari wa penseli.

"Hukuirudisha?"

"Jumamosi yake nilichukua spana nirudishe," Baba alisema. "Mama yako akaniandikia, iache hapo. Nikamuuliza ya nini. Akaandika, iko siku Nekesa atataka kujua nilikuwa naimba na nini."

Alinieleza hayo huku akifuta vumbi kwa kidole, bila kuniangalia. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia, akasema alingoja niulize, na mimi sikuuliza, na miaka ikapita. Sote wawili tulikuwa tumekaa kimya kuhusu jambo lilelile katika chumba kimoja. Nililia, sikujificha. Yeye akaendelea kufuta mahali palipokuwa pameshatakata.

Kisha akachomeka waya ukutani. Kilichukua muda, na nilidhani kimekufa. Halafu mngurumo ukaja, mdogo, wa chini, sawasawa.

"Inalia?" Baba aliuliza. Mimi bado ndiye masikio.

"Inalia."

Aliweka kiganja juu ya chuma ili naye aipate.

"Alianza vipi?" nikamwuliza.

"Alingoja kwanza. Watu wakadhani amesahau maneno. Halafu akaingia chini kabisa, hapo hapo inapolia, akakaa hapo. Hakupanda hata mara moja. Na ndege ilipita, Nekesa. Haikumpata."

Niliweka kiganja changu kando ya chake. Chuma kilikuwa kinapata joto, na ile harufu ikaanza kupanda. Sauti sikurithi, kila mtu kwetu anajua, lakini nilifungua mdomo nikaitafuta ile noti, nikaikosa, nikaitafuta tena, hadi nikahisi kiganja changu na koo langu vinatetemeka kwa pamoja. Niliimba ule mstari wa kwanza. Baba alifumba macho. Sikujua kama alikuwa ananisikia mimi au anasikiliza mkono wake.

Nilipomaliza alichukua spana, akaniuliza kama nataka airudishe kwenye alama yangu kabla hajanikabidhi, nisije nikapata kelele nyumbani kwangu Muaither. Nikamwambia aiache hapo.